Addis Ababa kwa Siku Moja na Marafiki: Anzieni Mlimani, Mshuke

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki huifikia Addis Ababa wakiwa njiani kwenda kwingine. Wanakwenda Guangzhou, Dubai au Ulaya, ndege yao inapitia uwanja wa Bole, na katikati ya safari wanajikuta na siku nzima ya kungojea ndege ya pili. Wengine huenda kwa makusudi, kama tulivyokwenda sisi wanne kutoka Dar es Salaam. Kwa vyovyote vile, kosa linalofanywa na wengi ni lilelile: wanaandika orodha ya mahali kumi na mawili, wanazungushwa ndani ya gari tangu asubuhi hadi jioni, na wanarudi kwao wakiwa na picha za milango tu. Ninapendekeza njia nyingine, nayo ni kuanzia juu kabisa ya mji, kwenye milima ya Entoto iliyo kaskazini, kisha kushuka taratibu kwa njia moja hadi Uwanja wa Meskel na hatimaye Bole, mkisimama mahali pachache na kukaa vya kutosha kila mnaposimama.

Umbo la mji wenyewe ndilo linaloshauri hivyo. Addis Ababa imelala kwenye mteremko unaoanzia Entoto, ambako vilele vinapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na hata katikati ya mji mko kwenye mita zipatazo 2,350. Mtu aliyezoea hewa ya pwani hushangaa kuona anahema baada ya kupanda ngazi za ghorofa moja. Mwenzetu mmoja, ambaye nyumbani hukimbia kila alfajiri, alitaka kupanda kilima kwa miguu ili apate picha nzuri, na baada ya dakika tano ilibidi aketi juu ya jiwe, kichwa kikimzunguka, huku sisi tukimpepea kwa kofia. Mkipanda kwa gari na kushuka kwa gari na kwa miguu, mapafu yenu yatapumzika, na kwa kuwa karibu kila kitu ninachokitaja hapa kimepangana kwenye njia hiyo moja, hamtapoteza saa mbili au tatu mkikatiza mji kwenye msongamano wa magari.

Kabla ya kuondoka nyumbani, tengenezeni mambo ya karatasi. Raia wa Kenya hawahitaji viza ya kuingia Ethiopia. Wengine wathibitishe taratibu za pasipoti zao mapema, hasa wale wanaotaka kutoka nje ya uwanja wa ndege kwa siku moja tu. Mtanzania asiache kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maana anaweza kudaiwa anaporejea nyumbani akitokea Ethiopia. Bebeni nakala za pasipoti mtakazotembea nazo mjini, na mpakue ramani ya mji kwenye simu kabla ya safari ili msitegemee intaneti njiani. Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba ni ya mvua nyingi, na baridi ya huko si ya mzaha. Kila mtu awe na sweta hata kama jua linawaka.

Jambo la fedha linastahili kuzungumzwa kwa uwazi, kwa sababu ndilo linaloweza kuwaharibia marafiki siku yao. Sisi tulichanga kiasi kilicho sawa kabla ya safari, tukamteua mmoja wetu kuwa mweka hazina, naye akabadilisha dola zetu kuwa birr benki mara tulipofika, akawa analipa kila kitu cha pamoja, yaani gari, viingilio, chakula na maji, akiandika kila malipo kwenye daftari dogo. Mali bila daftari huisha bila habari. Zawadi na manunuzi ya mtu binafsi yalitoka mfukoni mwa mwenyewe. Chukueni fedha taslimu za kutosha katika noti ndogondogo, kwa kuwa kadi ya benki ya kigeni haikubaliki kila mahali, na mlinzi wa mlangoni au muuza maji hatakuwa na chenji ya noti kubwa.

Gari ni afadhali mlikodi kwa siku nzima pamoja na dereva wake kuliko kutafuta teksi kila kituo. Mabasi madogo ya buluu na meupe, ambayo utingo wake huita abiria kama makondakta wetu wa daladala na matatu, ni ya bei nafuu mno, na ninashauri mpande mara moja kwa umbali mfupi, lakini hayafai kwa kundi lenye ratiba. Mnapokubaliana na dereva, tajeni wazi kwamba bei inajumuisha mafuta, maegesho na muda wa kuwasubiri, tajeni vituo kwa majina, kisha muulizane saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Hapo kwenye saa ndipo Mswahili anapokuwa na bahati ambayo wageni wengine hawana, na ndipo sisi tulipoiharibu bahati hiyo wenyewe. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi, na adhuhuri ni saa sita. Hakuna cha kujifunza upya. Taabu huja Kiingereza kinapoingia katikati. Sisi tulimwambia dereva kwa Kiingereza kwamba tunataka gari saa “nane”, tukikusudia saa mbili asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Yeye akaisikia saa nane ya kwao, ambayo ndiyo saa nane yetu, na akafika mchana baada ya sisi kukaa kwenye ngazi za hoteli tangu asubuhi tukimlaumu moyoni. Siku ya kwanza ikapotea hivyo, na matembezi ninayoyaeleza tukayafanya kesho yake. Kwa hiyo mwonyesheni dereva saa ya mkononi, muweke kidole kwenye mshale, na mtaje neno “tewat”, ambalo ni asubuhi kwa Kiamhari. Tarehe nazo ziangalieni vizuri: kalenda yao ina miezi 13, mwaka wao mpya huanguka tarehe 11 au 12 Septemba, na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, hata risiti mtakayopewa inaweza kuonekana kama ya zamani.

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, hewa ikiwa bado safi na barabara hazijajaa. Gari linapopanda Entoto mtaona misitu mirefu ya mikaratusi, na harufu yake itaingia madirishani. Miti hiyo ilitoka Australia. Ilipandwa kwa wingi katika enzi za Mfalme Menelik wa Pili, mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha kabisa na mji ulikuwa karibu kuhamwa. Huku juu ndiko mfalme huyo alikokuwa na makao yake kabla ya mji wa bondeni kuanzishwa mwaka 1886, pale mkewe, Taytu, alipopendezwa na chemchemi za maji ya moto za Filwoha na kulipa eneo lile jina la Addis Ababa, yaani ua jipya. Katika kanisa la Entoto Maryam, ambako Menelik alitawazwa mwaka 1889, kuna jumba dogo la makumbusho, na karibu yake kuna nyumba zake za zamani za udongo na miti, ambazo zinastaajabisha kwa jinsi zilivyo za kawaida. Tembeeni polepole, kunyweni maji, angalieni mji wote ulivyotandazwa chini, kisha shukeni baada ya saa moja. Njiani mtakutana na wanawake walioinama chini ya matita ya kuni za mikaratusi marefu kuliko wao wenyewe. Tafadhali wapisheni njia, na msiwapige picha bila idhini yao.

Mnaposhuka mtapita Shiro Meda, soko la nguo za pamba zinazofumwa kwa mkono, nyeupe, zenye nakshi za rangi kwenye pindo. Simameni hapa mapema ingawa mikoba itakuwa mizito, kwa sababu wanawake wa kundi lenu watahitaji mtandio wa kufunika kichwa wanapoingia kanisani baadaye, na mtandio mwembamba wa kienyeji uitwao netela unafaa kwa kazi hiyo na ni zawadi nzuri kuliko zile za dukani uwanja wa ndege. Shikeni kitambaa na kukiangalia kwa karibu: cha mkono kina nyuzi zisizolingana unene, na ukikiinua kwenye mwanga utaona vijitundu visivyo na mpangilio, cha kiwandani ni laini na sawasawa pande zote. Kupatana bei ni jambo la kawaida. Ulizeni “sint new?”, yaani ni bei gani, kisha mzungumze kwa upole, na mkikubaliana mseme “ishi”, neno ambalo lina kazi zote za “sawa” yetu na ambalo mtalisikia mara mia kabla ya jioni.

Kutoka hapo barabara inawafikisha Sidist Kilo, maana yake kilo sita. Kwenye mzunguko wa barabara umesimama mnara wa kumbukumbu ya Yekatit 12, tarehe ambayo kwetu ni 19 Februari 1937, siku ambayo Waitalia walianza kuwaua raia wa mji huu kwa maelfu baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wao. Ng’ambo ya barabara ni lango la Chuo Kikuu cha Addis Ababa, na ndani yake, katika jumba lililokuwa kasri la Mfalme Haile Selassie kabla ya yeye kulitoa kwa chuo mwanzoni mwa miaka ya 1960, yamo Makumbusho ya Etnolojia. Kama mna nafasi ya makumbusho moja tu katika siku yenu, ningewashauri hii. Vitu vimepangwa kwa kufuata maisha ya mwanadamu, tangu kuzaliwa, malezi, ndoa na kazi hadi mauti, bila kutenganishwa kwa makabila, na mgeni anatoka akiwa ameielewa nchi. Chumba cha kulala cha mfalme na bafu lake vingalipo kama vilivyokuwa. Mbele ya jumba msipite bila kuziangalia ngazi za saruji zinazopanda hewani na kuishia patupu: zilijengwa na Waitalia, kila kidato kikihesabu mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini tangu 1922, na mji ulipokombolewa mwaka 1941 Waethiopia hawakuzibomoa, bali walimweka simba mdogo juu ya kidato cha mwisho. Sisi tulisimama mbele ya simba yule kwa muda mrefu kuliko tulivyosimama mbele ya kitu chochote kingine siku ile.

Makumbusho ya Taifa yako karibu, mnaweza kuteremka kwa miguu. Wageni wengi huja kumwona Lucy, ambaye wenyewe humwita Dinkinesh, yaani wewe ni wa ajabu. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1974 huko Hadar katika eneo la Afar, yana umri wa miaka ipatayo milioni 3.2, na yanafikia asilimia 40 hivi ya mifupa yote ya mwili wake. Kinachoonyeshwa kwa kawaida ni nakala. Mifupa yenyewe huhifadhiwa mbali na macho ya watu. Mtanzania ana sababu ya pekee ya kusimama hapa, kwa kuwa spishi ya Lucy, Australopithecus afarensis, ilielezwa na wanasayansi mwaka 1978 kwa kutumia taya lililopatikana Laetoli, kusini mwa Olduvai, na nyayo za miaka milioni 3.6 zilizobaki kwenye majivu ya volkeno palepale Laetoli zinadhaniwa kuwa za viumbe wa jamii hiyohiyo. Mwelezeni hivyo mwongozaji wenu kwa heshima; wetu alifurahi mno, akatuita ndugu wa Lucy mpaka tulipoagana.

Kufikia hapo itakuwa saa saba hivi, na njaa ya baridi ni kali. Kuleni karibu na Arat Kilo. Siku za Jumatano na Ijumaa, na katika majira marefu ya kwaresima, Wakristo wa Orthodox hawali nyama, maziwa wala mayai, na mikahawa hupika sinia la mfungo liitwalo beyaynetu, ambalo ni injera moja pana, yaani mkate laini kama chapati wa unga wa nafaka ya teff, iliyomiminiwa vilima vya dengu, shiro (rojo ya unga wa jamii ya kunde), mboga za majani, viazi na kabichi. Ninalipendekeza hata kama si siku ya mfungo. Tena linawafaa Waislamu, kwa sababu huko Wakristo na Waislamu hawachangii nyama ya kuchinjwa, na anayetaka nyama ya halali inambidi atafute mkahawa wa Waislamu, ambao upo lakini hauko kila kona. Nawisheni mikono, kateni injera kwa mkono wa kulia na kuchotea mboga kama mnavyofanya kwa ugali, kila mtu akila upande wake wa sinia. Mwenyeji akikunja tonge na kulielekeza kinywani mwako, usirudi nyuma. Hiyo ni gursha, heshima ya upendo, na kuikataa kunamuumiza mtu.

Baada ya chakula teremkeni hadi Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, mkiwa mmeuliza kwanza kama limefunguliwa kwa wageni siku hiyo. Viatu huvuliwa mlangoni, na netela za Shiro Meda sasa zinapata kazi yake. Ndani kuna makaburi ya mawe ya Haile Selassie na mkewe Menen. Mfalme alizikwa hapa Novemba 2000, miaka 25 baada ya kifo chake. Uani amezikwa Sylvia Pankhurst, Mwingereza aliyeitetea Ethiopia wakati wa uvamizi wa Italia na kuishi Addis Ababa hadi alipofariki mwaka 1960. Zungumzeni kwa sauti ya chini, na simu ziwe mfukoni mpaka mpewe ruhusa.

Njia ya kuendelea chini inapita kwenye kuta za kasri na majengo ya serikali, ambako kamera zisitolewe kabisa, wala askari wasipigwe picha. Mtaliona Jumba la Afrika, lililofunguliwa mwaka 1961, ambamo viongozi wa nchi 32, Julius Nyerere wa Tanganyika akiwa miongoni mwao, walianzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika katika mkutano uliohitimishwa tarehe 25 Mei 1963; na ni mkutano huohuo ulioipa Dar es Salaam dhamana ya kuwa makao ya Kamati ya Ukombozi. Jumba hilo lina vioo vikubwa vya rangi vya msanii Afewerk Tekle, lakini kuingia kunahitaji kujiandikisha mapema. Vivyo hivyo makao makuu ya Umoja wa Afrika, ambako sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa Februari 2024: yako nje ya njia yetu na hayaingiliki bila ruhusa, basi yaacheni kama hamkuandika barua mapema. Soko la Merkato nalo liacheni kwa safari nyingine. Ni kubwa mno, wezi wa mifukoni wapo, na kundi la watu wanne hupotezana humo katika dakika kumi.

Kwenye Uwanja wa Meskel kuna makumbusho ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu, mauaji yaliyofanywa na utawala wa kijeshi wa Derg. Ni padogo, lakini ni pazito: kuta zimejaa picha za vijana, na makabati ya kioo yana mifupa na nguo zao. Asiyeweza aketi nje kwenye ngazi za uwanja na kuwatazama wakimbiaji wakifanya mazoezi, wala asilazimishwe na wenzake. Sisi tuliingia watatu, na kwa nusu saa hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo kahawa ifuate hapo, wala isiwe ya kusimama. Tafuteni nyumba ya buna inayoiandaa kwa desturi, nyingi ziko upande wa barabara ya Bole, na mtenge saa moja na nusu. Mwandaaji huketi kwenye kigoda kifupi, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, na ubani unafuka kwenye chetezo, hata mtu wa Unguja au Lamu akadhani yuko nyumbani. Huziosha buni, huzikaanga mbele yenu juu ya makaa, kisha huleta kikaango kilicho moto na kukipitisha mbele ya kila mgeni. Vuteni ule moshi kwa mkono kuelekea puani, ndivyo inavyotakiwa. Hutwanga, huchemsha kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba, na kumimina kutoka juu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, kama vya wauza kahawa wa kwetu. Bisi huletwa mahali ambapo sisi tungeweka kashata. Mzunguko wa kwanza huitwa abol, nao ni mkali. Wa pili tona. Wa tatu bereka, ambao ni baraka, na mgeni haondoki kabla ya huo.

Wakati wa tona, mweka hazina afungue daftari, asome malipo yote kwa sauti, na kila mtu alipe au arudishiwe chake. Birr zilizobaki mpeni dereva kama ahsante yake, kwa kuwa nje ya nchi hazitawafaa sana. Na kama mnaruka usiku huohuo, someni tikiti pamoja na dereva: 22:30 ni saa nne na nusu usiku kwenu na kwake, hivyo mwambieni awafikishe Bole saa moja na nusu, muhesabu na msongamano wa jioni.